Vifo vya salmoni vyaiweka Norway njia panda

Na Mwandishi Wetu

KATIKA mwaka 2023 pekee, salmoni milioni 62.8 walikufa ndani ya vizimba vya baharini nchini Norway kabla ya kufikia umri wa kuvunwa. Kwa mujibu wa ripoti ya afya ya samaki inayotolewa kila mwaka na Taasisi ya Tiba ya Mifugo ya nchi hiyo, kiwango hicho cha vifo, sawa na asilimia 16.7, kilikuwa kikubwa kuliko vyote vilivyowahi kurekodiwa. Mwaka 2024 hali ilipata nafuu kidogo: vifo vilishuka hadi milioni 57.8, sawa na asilimia 15.4.

Kwa lugha nyepesi, mwaka huo wa 2023 karibu samaki mmoja katika kila sita waliokuwa vizimbani hakufika sokoni. Na hesabu hiyo haiwagusi vifaranga wanaokufa katika matangi ya maji baridi kabla ya kupelekwa baharini, wala mamilioni ya samaki wadogo wasafishaji wanaowekwa humo kwa kazi ya kula chawa.

Takwimu hizo zimeuamsha upya mjadala ambao umekuwa ukifukuta kwa zaidi ya miongo mitatu, si Norway tu, bali pia Chile, Scotland, Kanada, Iceland na katika kisiwa cha Tasmania, Australia. Swali lenyewe ni jepesi kuliuliza na zito kulijibu: je, samaki hao wanakufa kwa sababu ya mkosi wa maumbile, au wanauawa na mfumo wenyewe wa kuwafuga?

Biashara isiyo ya mchezo

Ili kuelewa kwa nini mjadala huu ni mkali, ni vyema kutazama kilichoko mezani. Ufugaji wa salmoni kwa mtindo wa kisasa ulishika mizizi Norway mwaka 1970, pale ndugu wawili wa ukoo wa Grøntvedt walipofanikiwa kufuga salmoni katika kizimba cha baharini kwenye kisiwa cha Hitra. Zaidi ya nusu karne baadaye, nchi hiyo ndiyo mzalishaji mkuu duniani wa salmoni wa Atlantiki, ikifuatiwa na Chile. Mwaka 2023 iliuza nje ya nchi salmoni wa thamani ya zaidi ya kroni bilioni 120.

Baada ya mafuta na gesi, samaki ni miongoni mwa bidhaa zinazoiingizia Norway fedha nyingi za kigeni. Vijiji vya pwani vilivyokuwa vikihamwa na vijana sasa vina viwanda, shule na barabara. Faida imekuwa nono kiasi kwamba mwaka 2023 serikali ilianza kutoza kodi maalumu ya asilimia 25 juu ya faida inayotokana na matumizi ya bahari, ambayo ni mali ya umma. Kwa hiyo anayegusa vizimba anagusa ajira, kodi na masoko ya hisa kwa wakati mmoja.

Salmoni mmoja huanza maisha yake katika maji baridi ya nchi kavu. Akiwa tayari kuishi katika maji ya chumvi, huchanjwa na kuhamishiwa baharini, kwenye vizimba vya nyavu vilivyotiwa nanga katika ghuba ndefu na nyembamba ziitwazo fiodi. Huko hulishwa kwa mwaka mmoja au zaidi hadi afikishe kilo nne au tano. Sheria inaruhusu samaki wasiozidi 200,000 katika kizimba kimoja, na uzito usiozidi kilo 25 kwa kila mita moja ya ujazo wa maji.

Wavu huyapitisha maji, na hapo ndipo faida na hasara zinapokutana. Maji safi yenye oksijeni huingia bure, na kinyesi hutoka bure. Lakini kwa mlango huohuo huingia virusi, bakteria, konyeza na chawa, na kwa mlango huohuo hutoka kwenda kwa jirani.

Ushindi uliosahaulika

Watetezi wa sekta hii hupenda kukumbusha kwamba hii si mara ya kwanza kwa wafugaji kukabiliwa na maafa, na kwamba waliwahi kuyashinda. Katika hilo wana hoja.

Mwaka 1987 Norway ilitumia takriban tani 48 za dawa za antibiotiki kuzalisha kiasi cha tani 50,000 tu za samaki. Magonjwa ya bakteria yalikuwa yakivimaliza vizimba, na wafugaji walijibu kwa kumwaga dawa katika chakula. Kilichobadili mambo ni chanjo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 zilipatikana chanjo zenye mafuta, ambazo kila kifaranga huchomwa sindano kabla ya kwenda baharini. Matumizi ya antibiotiki yaliporomoka, na katika miaka ya karibuni yamekuwa chini ya tani moja kwa mwaka, ingawa uzalishaji umepanda hadi zaidi ya tani milioni moja na nusu.

Ushindi mwingine ulipatikana dhidi ya ugonjwa wa virusi unaoshambulia kongosho la samaki wachanga. Watafiti waligundua sehemu ya vinasaba inayowapa baadhi ya samaki kinga, na kampuni za mbegu zikaanza kuchagua wazazi wenye sifa hiyo. Milipuko ya ugonjwa huo ikapungua kwa kiasi kikubwa.

Chile haikubahatika hivyo. Mwaka 2007 virusi vya upungufu wa damu wa salmoni, ambavyo ugonjwa wake ulionekana kwa mara ya kwanza Norway mwaka 1984, viliripotiwa katika kisiwa cha Chiloé. Vizimba vilikuwa vimesongamana na udhibiti ulikuwa hafifu. Uzalishaji wa salmoni wa Atlantiki ulishuka kutoka karibu tani 390,000 mwaka 2008 hadi takriban tani 120,000 mwaka 2010, na maelfu ya wafanyakazi walipoteza ajira. Ndipo serikali ilipoyagawa maeneo ya ufugaji katika kanda, ikalazimisha wafugaji wa kanda moja kuvuna kwa pamoja na kuiacha bahari ipumzike kabla ya kuanza upya.

Hata hivyo, Chile bado inapambana na bakteria ambao chanjo zilizopo hazijaweza kuwadhibiti kwa muda mrefu. Mwaka 2023 wafugaji wa nchi hiyo walitumia takriban tani 340 za antibiotiki. Wataalamu wa afya ya binadamu hawalitazami jambo hilo kwa jicho la kulegea, kwa kuwa usugu wa dawa ukizaliwa majini haujui mpaka kati ya samaki na mlaji.

Chawa mdogo, vita kubwa

Ikiwa chanjo ziliwamaliza bakteria wengi, kwa nini basi vifo vya Norway vimeendelea kuwa juu? Jibu la sehemu kubwa ya swali hilo ni mdudu mdogo, mwenye ukubwa wa punje ya mchele au kuzidi kidogo, anayeng'ang'ania ngozi ya salmoni na kula ute, ngozi na damu yake.

Chawa wa salmoni amekuwapo tangu zamani. Katika bahari isiyo na vizimba alipata shida kumpata samaki wa kumng'ang'ania. Leo, katika pwani ya Norway, kuna mamia ya milioni ya salmoni wanaofugwa wakati wowote, ilhali salmoni wa porini wanaorejea kutoka baharini kila mwaka wamekuwa chini ya nusu milioni katika miaka ya karibuni, wakati miaka ya 1980 walizidi milioni moja. Kwa chawa, hiyo ni karamu isiyo na mwisho.

Waathirika wa kwanza si samaki wa mfugaji. Ni vifaranga wa porini wanaoshuka kutoka mitoni majira ya kuchipua na kupita kando ya vizimba wakielekea bahari kuu. Kifaranga wa gramu chache tu akipandwa na chawa kadhaa anaweza kufa. Ndiyo maana serikali iliweka kikomo: wastani usizidi nusu ya chawa jike aliyekomaa kwa kila samaki wa kizimbani, na katika majuma ya vifaranga kusafiri kikomo hushuka hadi 0.2.

Mwaka 2017 ukaongezwa mfumo uliopewa jina la taa za barabarani. Pwani iligawanywa katika maeneo 13. Pale ambapo chawa wanakadiriwa kuua chini ya asilimia 10 ya vifaranga wa porini, taa huwa ya kijani na wafugaji huruhusiwa kuongeza uzalishaji kwa asilimia 6. Kati ya asilimia 10 na 30 taa huwa ya njano, na hakuna kuongeza. Ikizidi 30, taa nyekundu huwaka na uzalishaji hukatwa kwa asilimia 6. Makato ya kwanza yalitekelezwa mwaka 2020.

Kwenye karatasi mfumo huo ni wa kupigiwa mfano. Tatizo limejitokeza katika utekelezaji.

Dawa inapogeuka jeraha

Kwa miaka mingi chawa waliuawa kwa kemikali, nyingine katika chakula, nyingine katika maji ya kuogeshea. Chawa wakajenga usugu. Wafugaji wakageukia mitambo, na tangu katikati ya muongo wa 2010 njia zisizo za dawa ndizo zinazotumika zaidi. Salmoni hufyonzwa kutoka kizimbani kwa bomba hadi kwenye meli, huko hupitishwa katika maji ya moto ya nyuzi 28 hadi 34 kwa sekunde kadhaa, au husuguliwa kwa brashi, au hupigwa kwa maji yenye shinikizo, kisha hurudishwa kizimbani.

Kwa samaki aliyezoea maji ya nyuzi nane au kumi, hilo si jambo dogo. Utafiti uliofanywa Norway na kutangazwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba salmoni wanaotiwa katika maji ya zaidi ya nyuzi 28 huonyesha dalili za maumivu. Hupoteza magamba, huchubuka ngozi, hujigonga. Aliyekuwa tayari na ugonjwa wa moyo au wa mashavu mara nyingi hahimili. Anayesalimika hubaki na majeraha, na majira ya baridi yakifika bakteria huyageuza kuwa vidonda. Ripoti za Taasisi ya Tiba ya Mifugo zimekuwa zikiyataja majeraha ya shughuli za kuondoa chawa miongoni mwa sababu kuu za vifo na mateso ya samaki mwaka baada ya mwaka.

Hapa ndipo palipo kiini cha mjadala wote, na ndipo penye funzo. Taa za barabarani zinapima jambo moja tu: madhara ya chawa kwa salmoni wa porini. Hazipimi ni samaki wangapi wa kufugwa waliokufa ili kikomo hicho kifikiwe. Mfugaji anayeosha samaki wake mara kwa mara, akapoteza robo yao, lakini akabaki chini ya kikomo cha chawa, anaweza kuwa katika eneo lenye taa ya kijani na akaruhusiwa kukua. Sheria iliyotungwa kumlinda samaki mmoja imegeuka kuwa mzigo juu ya mgongo wa mwingine.

Wala haiwezi kusemwa kwamba samaki wa kizimbani hana mtetezi kisheria. Sheria ya ustawi wa wanyama ya Norway ya mwaka 2009 inamtambua samaki kama inavyomtambua ng'ombe. Lakini ni vigumu kufikiria mfugaji wa ng'ombe anayepoteza mnyama mmoja kati ya sita kila mwaka akaachwa aendelee na shughuli zake bila kuulizwa.

Hoja za kila upande

Wafugaji wana majibu yao, na si yote ya kupuuzwa. Wanasema mengi yako nje ya uwezo wao. Mei 2019 mlipuko wa mwani wenye sumu uliua takriban salmoni milioni nane kaskazini mwa Norway katika siku chache. Chile ilipata pigo kama hilo mwaka 2016, na takriban tani 40,000 za samaki zikateketea. Katika majira ya baridi ya 2023 na 2024, konyeza warefu wanaofanana na kamba za shanga walizifikia fiodi na kuwaunguza samaki ngozi na mashavu. Bahari inayozidi kupata joto huongeza mambo kama hayo.

Wanaongeza kwamba salmoni wa porini hufa kwa wingi zaidi, kwa kuwa vifaranga wengi mno wanaoingia baharini hawarudi. Hoja hiyo ni kweli kwa hesabu, lakini haina uzito kwa sheria. Samaki wa porini huliwa na wanyama wenzake katika bahari isiyo na mwenyewe. Samaki wa kizimbani ana mmiliki aliyemtia humo, anayemlisha na atakayemuuza. Dhamana ni ya mmiliki.

Isitoshe, hoja ya mkosi inayumba unapotazama tofauti baina ya wafugaji. Maeneo ya magharibi mwa Norway yamekuwa yakipoteza samaki wengi kuliko mengine, na hata ndani ya eneo moja wapo wanaopoteza wachache na wapo wanaopoteza lukuki. Kama bahari ni ileile na chawa ni walewale, tofauti hiyo inatokana na ubora wa vifaranga, nafasi kati ya shamba na shamba, na uamuzi wa mfugaji wa lini aoshe na lini avune.

Kwa upande mwingine, wanaharakati wanaodai vizimba vya wazi vipigwe marufuku nao wana maswali ya kujibu. Jimbo la Washington, Marekani, lilichukua hatua hiyo Januari 2025, miaka zaidi ya saba baada ya kizimba kimoja kuvunjika Agosti 2017 na kuachia salmoni zaidi ya 250,000. Kanada ilitangaza Juni 2024 kwamba vizimba vya wazi katika pwani ya British Columbia vitakoma ifikapo Juni 30, 2029. Lakini ufugaji wa matangini nchi kavu unahitaji umeme mwingi na mtaji mkubwa, na mtambo ukikwama au gesi yenye sumu ikijikusanya, samaki wote wa tangi hufa kwa saa chache. Vizimba vya kuzamishwa chini huwakwepa chawa, ambao hukaa zaidi karibu na uso wa maji, ila salmoni anahitaji kupanda juu kumeza hewa. Dawa isiyo na gharama haijapatikana.

Katikati ya pande hizo serikali zinasitasita. Kamati ya Bunge la Scotland ilisema mwaka 2018 kwamba hali haiwezi kuachwa kama ilivyo, na mwaka 2025 kamati nyingine ililalamikia mwendo wa kinyonga katika kuyatekeleza yaliyopendekezwa. Norway nayo, Aprili 2025, ilipeleka bungeni waraka wa kutaka mfumo wa usimamizi ubadilishwe na afya ya samaki ipewe uzito zaidi. Wito wa kupima vifo vya kila shamba, na kuvifanya kuwa sehemu ya masharti ya kukua, unazidi kupata wasikilizaji.

Funzo hadi Ziwa Victoria

Msomaji wa Mwanza, Kisumu au Entebbe anaweza kuuliza haya yanamhusu nini. Yanamhusu kwa njia zaidi ya moja.

Kwanza, sayansi ya mbegu iliyoboreshwa kwa salmoni wa Norway ndiyo iliyotumika, kati ya 1988 na 1997, katika mradi wa Ufilipino uliozalisha aina ya sato wanaokua haraka, kwa kutumia wazazi waliochukuliwa Misri, Ghana, Senegal na Kenya. Pili, vizimba vimeenea katika Ziwa Victoria kwa kasi katika muongo uliopita. Januari 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua jijini Mwanza ugawaji wa boti na vizimba kwa wavuvi. Ni hatua ya kupongezwa, kwa kuwa samaki wa kuvuliwa wamepungua na vijana wanahitaji kazi.

Lakini dalili za mapema zipo. Mwishoni mwa 2022 wafugaji wa upande wa Kisumu walishuhudia samaki wao wakielea wamekufa baada ya oksijeni kushuka majini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulikuta vinasaba vya virusi vya sato katika samaki wa ziwa hilo, upande wa Tanzania na wa Uganda. Na ziwa, kama fiodi, halina ukuta. Ugonjwa wa kizimba kimoja ni ugonjwa wa majirani wote, wa nchi tatu.

Norway ina fedha, maabara, sheria na madaktari wa samaki, na bado inazika mamilioni kila mwaka kwa kuwa iliruhusu vizimba kuongezeka kabla ya kuamua ipime nini. Kama vifo vya kila kizimba vingehesabiwa na kutangazwa tangu mwanzo, na kama idhini ya kuongeza ingetegemea hesabu hiyo, huenda mjadala wa leo ungekuwa mwingine. Nchi za Afrika Mashariki bado zina nafasi ya kuanza na daftari hilo: umbali kati ya vizimba, mapumziko ya eneo baada ya mavuno, ukaguzi wa vifaranga wanaovuka mipaka, na hesabu ya waliokufa iliyo wazi kwa umma.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Huko Norway amekwisha kukauka, na kila anayejaribu kumkunja anaogopa atamvunja. Wa kwetu bado ni mbichi.